Dokta Asiye na Maoni

Sijawahi kukutana na mtu aliyechukia maoni ya watu huku akiwa na mengi ya kwake kama Dokta. Alikuwa na maoni juu ya chai (isitiwe sukari jikoni, kila mtu ana mikono), juu ya wahubiri wanaoelekeza spika dirishani kwake, juu ya wanaume wanaoendesha baiskeli polepole ili mke aliyebeba ndoo kichwani aweze kuwafuata, juu ya mabasi ya Mwanza, juu ya namna ninavyofunga kilemba. Akishamaliza kuyamwaga hayo yote, anasimama mbele yetu, anakunja mikono, anasema: "Mtafiti hana maoni. Kama unayo, yaache nyumbani na watoto."

Tulimwita Dokta kwa sababu ya shahada yake ya uzamivu katika mambo ya jamii. Alikuwa amefundisha chuo kikuu miaka mingi, akastaafu, akaja Bariadi kupanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Mwanzoni watu walikuwa wanamletea watoto wenye homa. Alikuwa anawapa panado, anawaelekeza hospitali, na kabla hawajatoka ameshawauliza choo chao kina mlango au hakina. Kazi yake yenyewe ilikuwa tafiti za kukodiwa. Shirika likitaka kujua kwa nini wakulima wa pamba hawafanyi hiki au kile, linampigia yeye. Mimi nilikuwa mmoja wa wadadisi wake, yaani wale watu wanaokuja na kishikwambi wakati wewe unapalilia, wanakuuliza una kuku wangapi. Nilianza naye mapacha wangu wakiwa bado mgongoni, na sasa wameshaanza kuniibia vocha.

Kabla sijaenda mbali niseme jambo moja, maana ndilo lililokuwa likimla. Dokta alikuwa na binti mmoja tu, muuguzi, na alishaapa mbele ya kaka zake kwamba hakuna ng'ombe wa mahari atakayetolewa kwa ajili ya binti huyo. Binti akapata mchumba kutoka Maswa. Akasema anataka ng'ombe watolewe, tena wote. Basi wakaacha kuongea, mama na mwana, katika mji huu mdogo ambao ukipiga chafya stendi wanakuombea afya sokoni. Wakikutana gengeni, mmoja anajifanya anachagua nyanya mpaka mwenzake aondoke. Tulioko karibu tuliona jinsi Dokta alivyokuwa akikonda, na kila mtu alijua kwamba akishikilia kiapo chake atampoteza mtoto.

Tuanze na mafunzo yake, ambayo yalikuwa mateso ya kuchekesha. Anakuweka kwenye kiti, anakaa mbele yako, anajifanya mhojiwa. Unamuuliza anaishi na nani. Anakujibu kwa sauti ya mtu anayeagiza mchicha kwamba anaishi na mume, mume anampiga, na yeye akishapigwa huwa anakwenda kumpiga mke mwenzake ili mambo yawe sawa. Halafu anakutazama. Ukipandisha nyusi, umeanguka. Ukicheka, umeanguka. Ukisema "jamani!", unatoka nje kusafisha viatu vya wenzako vyenye tope jeusi la mbugani. Jibu lililokubalika lilikuwa moja tu: "Asante. Swali linalofuata."

Hatukuruhusiwa kusema hongera. Hatukuruhusiwa hata kusema pole. Pole, kwa maelezo yake, inamwambia mhojiwa kwamba lililompata ni baya, na wewe nani kakwambia ni baya? Mimi nikabisha. Nikamwambia, "Dokta, kwetu Sola ukimkuta mtu amebeba kuni tu unampa pole. Ukinyamaza anakuona una kiburi."

"Basi zipe kuni pole," akanijibu. "Yeye muache."

Sheria hiyo ilitupeleka pabaya tulipokuwa Nassa, tukizungumza na familia za wavuvi kuhusu maji safi. Tulikuwa na kijana mmoja, Masunga, mwanafunzi wake bora, uso mkavu kama gome. Masunga akamuuliza mama mmoja ana watoto wangapi. Mama akawataja kwa majina, kisha akasema yule wa mwisho alizama ziwani juzijuzi, wameshamzika. Masunga akajikaza kisabuni. Nilikuwa nyumba ya jirani, nilimsikia kwa masikio yangu: "Asante. Je, paa la nyumba yenu ni la bati au la nyasi?"

Yule mama hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na mwiko, na Masunga akagundua kwamba anajua kukimbia. Haikuchukua muda kijiji kizima kikafunga milango. Hata mama ntilie alikataa kutuuzia ugali na dagaa, pesa tunayo mkononi. Mwenyekiti wa kitongoji akaja kwenye gari, mtu mpole kabisa, akasema: "Jamani, ondokeni tu. Watu wanasema mmetumwa na kitu ambacho hakikuzaliwa na mama."

Dokta hakuitetea sheria yake wala hakuitengua. Alijifunga kanga, akaenda kwa yule mama, akakaa chini pamoja na wanawake wengine, akamenya viazi. Sisi tulibaki tukimsubiri, tukila biskuti. Kesho yake akarudi tena kukaa. Alipotoka huko macho yalikuwa mekundu, akatukusanya kando ya gari, akasema: "Pole si maoni. Pole ni salamu. Kuanzia leo mtasalimia." Masunga, maskini, akauliza hilo liandikwe sehemu gani ya mwongozo. Dokta akamporomoshea matusi ya Kisukuma ambayo sikujua kama mwenye shahada ya uzamivu bado anaweza kuyakumbuka.

Kichekesho kikubwa ni kwamba uso wake mwenyewe haukujua kuficha kitu. Mhojiwa akisema jambo asilolipenda, mdomo unapinda, pua zinatanuka, na mguu wa kushoto unaanza kupiga chini kama wa fundi cherehani. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Kwa hiyo alijipiga marufuku kuhoji. Tukienda vijijini alikuwa anabeba kigoda chake, anakaa nyuma yetu huku ametupa kisogo, anasikiliza tu, ili mhojiwa asimsome. Kisogo nacho kikawa kinasema. Huko kwetu Sola tulimhoji mzee mwenye wake kadhaa, akaanza kujisifu jinsi anavyowagawia siku kwa haki bin haki, na anayeleta mdomo anarukwa. Nikaona shingo ya Dokta inavimba. Mzee naye akaiona.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "huyo hapo nyuma anaumwa shingo?"

"Siumwi, baba," Dokta akajibu bila kugeuka. "Nawaangalia mbuzi."

Njia nzima kurudi Maswa mjini alimchambua yule mzee mpaka dereva akaongeza sauti ya redio. Lakini tulipofika, hakula. Alivaa spika za masikioni, akasikiliza mazungumzo yale tangu mwanzo, kisha akayarudia, akatafuta kile ambacho mzee alikisema vizuri. Na kweli kilikuwepo. Mzee alikuwa ameeleza namna mashamba yanavyogawanywa kwa wake, jambo ambalo sisi wote, kwa kumchukia, tulilipita. "Jibu likikuudhi, lisikilize mara mbili," alikuwa akituambia. "Likikupendeza, lisikilize mara tatu." Ndiyo maana sikumuacha, pamoja na kero zake zote. Wapo wakubwa wengi niliowafanyia kazi ambao jibu likiwapendeza hulibeba mbiombio mpaka Dodoma.

Sasa mahari. Hapo ndipo Dokta alipokuwa hashikiki. Alikuwa ameandika juu yake, amefundisha juu yake, amegombana na maaskofu na wazee wa mila juu yake kwenye semina zenye soda na korosho. Yeye mwenyewe aliolewa bila ng'ombe hata mmoja. Alikwenda na mchumba wake, mwalimu wa shule, wakafunga ndoa ofisini kwa mkuu wa wilaya, wakanywa soda na mashahidi, basi. Mume alishafariki wakati mimi namfahamu. Habari za harusi ile alizisimulia kila alipopata nafasi, na kila alipofika mwisho alijigonga kifua: "Mimi sikuuzwa."

Mimi mume wangu alitoa ng'ombe wa maana, na mpaka leo baba yangu akinywa kidogo anamsimulia yule mweusi mwenye baka jeupe. Kwa hiyo Dokta alinichokoza bila kuchoka.

"Mama Kulwa, hivi wewe ulinunuliwa bei gani?"

"Bei ambayo usingeifikia, Dokta, hata ukichanganya na pensheni."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa mtu wa kununa. Ukimpiga dongo zuri, anakusifia.

Kwa binti yake tu ndipo alipopoteza utani. Siku ile binti alikuja ofisini na sare za kazi, akasimama mlangoni, akasema lililomleta. Dokta akaanza mhadhara. Alianza na enzi za mababu, akapita kwenye haki za binadamu, akaja kwenye bei ya ng'ombe mnadani. Binti alimsikiliza mpaka akamaliza, ana subira kama wauguzi wote wazuri. Kisha akasema: "Mama, umehoji Simiyu nzima. Mimi niliyekulia mezani kwako hujaniuliza swali hata moja."

"Jibu lako nalijua," Dokta akasema.

Mimi nilikuwa nachaji vishikwambi pembeni, na nilitaka ardhi inimeze. Mdadisi yeyote angetamka maneno hayo kazini angefukuzwa kabla ya chai. Binti akageuka akaondoka, na huo ndio ukawa mwanzo wa ule mtindo wa kuchagua nyanya.

Sasa uone dunia ilivyo na vituko. Wakati moto huo unawaka, shirika moja likampigia: linataka utafiti kuhusu mahari na maisha ya wanawake, eneo la Dutwa. Nikamwambia ukweli. "Dokta, hii wape wengine. Wewe una upande."

"Niwape akina nani?" akanigeukia. "Wewe uliyetolewa ng'ombe, ndiye huna upande? Masunga anayekusanya ng'ombe wa kuolea? Nitafutie mtu mmoja mkoa huu ambaye hakutolewa, hakutoa wala hakunyimwa, nimkabidhi kazi leo hii."

Mpaka leo sijampata mtu huyo.

Tukaenda Dutwa na maswali aliyoyatunga mwenyewe. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, unaona ni haki mwanamke kubadilishwa na mifugo?" Nikamsomea mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma pale wanaposimama wauza baiskeli. Akageuza hindi lake, akafikiri, akaniuliza: "Aliyeandika hili swali amegombana na nani?"

Nikasikia kigoda kinalia nyuma yangu. Dokta hakugeuka. "Na watu wengi, mayu," akasema. Halafu akaniambia tusimame kwanza. Tukakaa kando ya barabara, tukafuta maswali karibu yote, tukabaki na moja la kuanzia: ng'ombe waliotolewa kwako, unawaonaje?

Ah, walisema! Wengine walisema mambo ambayo Dokta angeweza kuyaandika mwenyewe: kwamba baba aliwala wale ng'ombe akamaliza, hivyo hata nikipigwa siwezi kurudi nyumbani, nitarudishiwa nini? Wengine walisema kinyume chake, tena kwa kifua: mimi hapa ukweni si mgeni, nimetolewa, nikikohoa wananisikia. Na wapo waliosema yote mawili katika pumzi moja, na hawakuona tatizo lolote. Mimi niliyekuja nikijivunia yule mweusi mwenye baka nilitegemea kushinda. Dokta naye alitegemea kushinda. Tulirudi Bariadi bila mshindi.

Basi taarifa ikamshinda. Anaandika, anafuta. Shirika linapiga simu, anasema bado anasafisha takwimu. Takwimu gani zinasafishwa msimu mzima wa pamba? Wale wa shirika walikuwa na haraka na walishajua wanachokitaka: maneno makali, na picha ya mwanamke amesimama peke yake akitazama mbali. "Nikiandika wanachosema wote, nimejisaliti," aliniambia, kichwa mikononi. "Nikiandika ninachoamini, nimewasaliti wao." Nilimwonea huruma kweli. Mtu mbishi akiishiwa ubishi anatia simanzi.

Taarifa hatimaye ilitoka, na ina ukurasa wa kwanza ambao shirika liliomba uondolewe, naye akasema ukitoka huo na zinazofuata zote zinatoka. Ukurasa huo unaeleza mwandishi ni nani, aliolewa vipi, anaamini nini, na siku ya msiba wa mumewe alikaa wapi. Wakamuuliza: mahali alipokaa mtu kwenye msiba panahusiana nini na utafiti? Ili nieleze, lazima nisimulie siku ya ng'ombe.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyekata shauri. Akasema kama dada hataki ng'ombe, zizi lipo kwake, na mambo yakapangwa huko, nje kidogo ya mji. Dokta akaapa kwamba haendi. Asubuhi yake akaja kwangu na bodaboda, amevaa gauni la kanisani. "Twende, Mama Kulwa. Tunakwenda kama waangalizi tu."

Tukamkuta bintiye jikoni na wanawake, hawakusalimiana. Mimi nikapewa mwiko. Dokta akaenda kusimama kwenye ua wa zizi, mikono ameikunja, mdomo umeshaanza kupinda. Wanaume walikuwa wakiwapitisha ng'ombe mmoja mmoja, kwa adabu nyingi, wakisifiana. Akapita mtamba mmoja wa rangi ya kahawia. Kaka yake akatikisa kichwa kukubali.

"Huyo anachechemea," Dokta akasema.

Watu wote wakageuka. Msemaji wa upande wa mchumba, mzee mmoja mstaarabu kutoka Maswa, akavua kofia. "Mayu, ni uchovu wa safari tu. Wametembea mbali."

"Na hawa wenzake wametembelea wapi, angani?"

"Mayu, samahani, haya huwa ni mazungumzo ya wanaume."

"Mimi sizungumzi, baba. Naangalia. Na ninachokiangalia kinachechemea."

Wakacheka, hata yule mzee, na mtamba akabadilishwa. Kaka yake akamsogelea. "Dada, si wewe unayekataa mambo haya?"

"Nakataa mpaka kesho," akasema. "Lakini hamtamfanyia mwanangu kitu nusunusu."

Haya yote binti aliyasikia, maana jiko lile halina mlango na sauti ya mama yake haina staha. Akaacha kukata nyama. Muda si mrefu Dokta akaingia, amejipaka vumbi la zizi mpaka kwenye mikono ya gauni, akajisogezea kiti kidogo, akakaa mbele ya bintiye. Wale wanawake wengine, kwa busara zao, wakakumbuka maji kisimani. Mimi nilikuwa na ugali motoni, sikuwa na pa kwenda.

"Kwa nini unawataka?" Dokta akauliza.

"Unauliza kweli, mama, au unataka kunijibia?"

"Nauliza."

Binti akafuta mikono. "Siku ya msiba wa baba, shangazi walikutoa kwenye mkeka wa ndani. Walisema kwao hakikutoka kitu kuja kwenu, kwa hiyo wewe si wa pale. Ukaenda kukaa nje na majirani, chini ya turubai, karibu na masufuria. Ukawa unawagawia watu chai. Kwenye msiba wa mume wako, mama, ukawa unagawa chai na kuwaambia watu karibuni, karibuni. Mimi sitaki kuja kugawa chai."

Niliuangalia ugali wangu. Nimefanya kazi na mwanamke huyu miaka yote hii, nimeisikia harusi ile ya soda mpaka ningeweza kuisimulia mimi, na habari hii hakuwahi kuitaja. Sikuthubutu kugeuka kuona uso wake unafanya nini.

"Nilidhani hukuona," akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Niliona."

Huko nje wanaume wakapiga vigelegele vya kwao, ng'ombe wa mwisho alikuwa ameingia. Mtu akaita kwamba wageni wana njaa. Dokta hakuinuka. Akasogeza kiti mbele mpaka magoti yao yakagusana.

"Endelea," akamwambia. "Nakusikiliza."

Binti akaendelea, na mimi nikauacha ugali uungue.